Uliza Fundi: Kompyuta ya kujiundia hapa pwani, pesa iende wapi?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mi niko Langoni, Lamu, kazi yangu ni kuedit picha na video za harusi, na usiku tunacheza gemu na ndugu zangu. Nataka kujiundia kompyuta mwenyewe, nina elfu 50 na monita ninayo tayari. Duka moja wameniambia nichukue keisi ya vioo yenye mataa pamoja na kipoozaji cha maji manake Lamu kuna joto, alafu pawa saplai watanitilia yoyote. Niwasikize?

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Usiwasikize, hapo pesa imepangwa kinyume kabisa.

Prosesa ina kinga yake dhidi ya joto, ikifika kikomo inajipunguza spidi yenyewe, utaona tu kazi inakwenda polepole. Kinachomaliza mashini huku kwetu ni chumvi na umeme. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, ikichanganyika na vumbi inafanya utandu wa kunata juu ya mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), na mashini nyingi za hapa pwani nikizifungua nakuta shaba ishaanza kuota ukijani kwenye pini, na mwenyewe hana habari, analalamika tu kwamba inazima ovyo. Sasa ongeza stima inayopanda na kushuka kila jioni, hapo pawa saplai ya bure ikipasuka inaweza kuondoka na mazabodi pamoja na kila kitu.

Kwa hivo pesa ianzie kwa pawa saplai. Wati 450 au 500 zakutosha, lakini iwe ya kampuni inayojulikana na iwe na ile alama ya 80 Plus, ya kuonyesha haipotezi umeme mwingi. Ukibakisha kitu, nunua na UPS ndogo, ile betri ya kushikilia mashini stima ikizima, video ya harusi ya watu ikipotea stima ikikatika utaenda kuwaambia nini?

Prosesa mi ningechukua Ryzen 5 5600G ya AMD. Ilitoka 2021, bei yake ishashuka, ina kori 6 na thredi 12 (yaani inafanya kazi nyingi kwa mpigo), na la maana zaidi ina grafiki yake ndani kwa hivo huna haja ya kununua kadi ya grafiki leo. Core i3-12100 ya Intel nayo si mbaya, kwa video inajitahidi, ila ina kori 4 tu na grafiki yake kwa gemu ni dhaifu, na ukiichukua hakikisha haina herufi F mwisho, ile ya F haina grafiki kabisa, utawasha na monita itabaki nyeusi. Kwa ramu chukua vijiti viwili vya GB 8, usichukue kimoja cha 16, manake hii grafiki ya ndani inatumia ramu hio hio na vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupitisha data, kwenye gemu utaiona tofauti. SSD (diski ya kuwekea kazi) ya aina ya NVMe ya kawaida yatosha, 5600G inaishia PCIe 3.0, ile njia ya kupitishia data, kwa hivo usilipie ile ya 4.0 ukidhani itakwenda mbio zaidi. Na mazabodi, kama ni B450 ya zamani, mwambie muuzaji aiwashe na hio prosesa mbele yako, zingine zinataka BIOS mpya kwanza, ile programu ya kuwashia bodi.

Sasa joto. Hio 5600G ni ya wati 65, na ukinunua ya boksi, si ile ya trei inayouzwa bila boksi wala feni, inakuja na feni yake ndani, Wraith Stealth, na pesti, ile dawa ya kupitisha joto, ishapakwa chini. Yatosha. Kipoozaji kiwe cha hewa au cha maji hakiwezi kushusha joto chini ya joto la chumba, chumba kikiwa na nyuzi 32 badala ya 22 basi prosesa nayo itapanda kama nyuzi 10, na kikomo cha hii ni 95, una nafasi. Kaskazi ikikolea iweke mashini chumba cha chini, nyumba zenu za mawe zina kuta nene na kule chini ndo kuna ubaridi, ila usiiweke kwenye dirisha la upande wa bahari na usiiweke sakafuni.

Keisi tafuta yenye wavu mbele, ile ya kioo mbele inaziba hewa. Feni mbili za mm 120 mbele ziingize, moja nyuma itoe. Zinazoingiza ziwe na nguvu kuliko inayotoa na ziwe na kichujio, hapo hewa inapita kwenye kichujio badala ya kuvuta vumbi la chumvi kwa kila ufa. Kichujio kioshe mara kwa mara, msimu wa kusi usingoje mwezi uishe, na kikauke kabisa kabla hujakirudisha.

Na siku utakayotaka kuing'oa hio feni ya prosesa nakuomba sana usivute juu moja kwa moja. Iwashe mashini kwanza mpaka pesti ipate joto, zima, chomoa waya, legeza skrubu kwa kupishana kona na kona, alafu zungusha feni kidogo kushoto na kulia mpaka uiskie imeachia. Prosesa za soketi ya AM4, kama hio 5600G, pini zake ziko chini ya prosesa yenyewe, ukivuta kwa nguvu inatoka na prosesa imeganda chini yake na pini zinapinda.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa hapa Barani, Malindi. Mwanangu ameunda kompyuta, inafanya kazi vizuri lakini nikigusa keisi nikiwa miguu mitupu naskia umeme unanichonyota. Anasema ni kawaida. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo mama. Hilo lisiachwe hivo. Ndani ya pawa saplai kuna chujio la umeme ambalo kazi yake ni kutoa kiasi kidogo sana kwenda kwenye waya wa athi, ule unaoteremsha umeme ardhini, sasa soketi ikiwa haina athi kile kiasi kinabaki kwenye bati la keisi mpaka mtu aguse. Mara nyingi ndo hicho unachoskia, lakini bila athi siku pawa saplai ikiharibika kweli umeme wote wa volti 240 utasimama kwenye lile bati. Ita fundi wa stima apime athi ya nyumba, na kama kijana anatumia ekstensheni ya pini mbili aitupe leo. Mpaka ipimwe izimeni na ichomolewe ukutani.

SWALI: Kuliko kujiundia, nichukue Dell OptiPlex ya mtumba? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Kwa kazi za ofisi chukua, kaka. Kwa gemu fikiria kwanza, nyingi pawa saplai na mazabodi zake haziingiliani na za kawaida, na zile nyembamba zinakubali kadi za grafiki za kimo kifupi tu. Kabla hujalipa mwambie muuzaji afungue ubavu, uangalie feni kama inazunguka bila kelele na kama kuna ukijani karibu na soketi za nyuma, ukiuona uiache hapo hapo.