Manamba hawa walihamia au walipelekwa?

SWALI: Katika insha yangu kuhusu mashamba ya mkonge niliandika, "Mamanamba wengi walihamia Tanga kutoka Kigoma." Mwalimu amekata "mamanamba" na "walihamia". Kosa ni nini? (Msomaji, Korogwe)

JIBU: La kwanza ni jepesi. Manamba ni mtu, kibarua wa mkataba shambani, na umbo la neno halibadiliki: manamba huyu amefika, manamba hawa wamefika. Neno limetokana na namba aliyopewa mtu alipoandikishwa kazi.

La pili ndilo zito, na nafurahi mwalimu wako ameliona. Kuhamia mahali ni kwenda kukaa huko, umeng'oa makazi ya zamani. Manamba hakung'oa kitu. Mke na shamba aliviacha kwao, tuseme Kasulu, huko Kigoma. Serikali ya mkoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na kwao fedha ilikuwa haba. Wakati huohuo viwanda vya Ulaya na Marekani vilitaka katani, yaani nyuzi za mkonge, ya kusokota kamba za meli na za kufungia mavuno. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya majuma kwa miguu ikawa ya siku chache. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuandikisha watu, SILABU. Mtu alitia dole gumba kwenye mkataba, akapandishwa treni.

Shambani alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ilihesabiwa akimaliza kukata na kufunga matita aliyopangiwa, asipomaliza, haikuhesabiwa. Mshahara ulingoja kipande kijae. Maisha ya namna hiyo kuyaita "kuhamia" ni kuwaonea wazee wetu, kana kwamba walichagua tu mji wa kuishi. Andika waliandikishwa, walipelekwa, au useme kama wasemavyo wazee: "alikwenda manamba". Hapo manamba ni kazi yenyewe, si mtu, na matumizi hayo ni sahihi kabisa.

Hata hivyo usikitupe kitenzi chako. Wapo ambao mkataba uliisha wasirudi: walioa, wakapata viwanja Muheza na Korogwe, na wajukuu wao wako huko hadi leo. Kwa hao, "walihamia" ni haki yao. Ningeandika hivi: "Manamba wengi walipelekwa Tanga kutoka Kigoma, na baadhi yao wakahamia huko moja kwa moja."