Jibu: Je, "mdudu" wa kompyuta alianza kweli na nondo?

Ndugu yangu, umeuliza kama desturi ya kuita hitilafu ya kompyuta "mdudu" (kwa Kiingereza "bug") ilianzia kwa nondo, yule mdudu anayefanana na kipepeo, aliyenasa ndani ya mashine. Nondo alikuwepo kweli. Tarehe 9 Septemba 1947, waendeshaji wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta kwenye swichi ya umeme namba 70, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba ni mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana.

Hilo neno "halisi" ndilo linalonivutia. Wangeliandika la nini kama jina halikuwa limeshazoeleka? Mvumbuzi Thomas Edison alilitumia kwa hitilafu za uvumbuzi kwenye barua mwaka 1878! Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta, aliisimulia sana hadithi hii ya nondo, ndiyo maana wengi hudhani ni yeye aliyemkuta. Daftari, pamoja na nondo wake, limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani.