Uma kushoto, kisu kulia

Dada, umeuliza uma ukae upande gani na glasi ziwekwe wapi, maana unatarajia wageni sita na hutaki kuaibika. Anza na sahani, siyo vijiko. Iweke mbele ya kila kiti, na mpe kila mgeni nafasi ya kama sentimita 60. Viwiko vikigongana, hata meza iliyopambwa vipi haikaliki.

Uma unakaa kushoto kwa sahani. Kisu kulia, makali yakitazama sahani, na kijiko cha supu nje ya kisu. Hapo ndipo wengi wanapochanganya: kinachotumika kwanza kinakaa nje kabisa, kisha mgeni anasogea ndani kadiri vyakula vinavyoletwa. Kwa hiyo amua kwanza utapika nini. Kama hakuna supu, usiweke kijiko chake, kitamchanganya mgeni bure. Ncha za mipini zilingane mstari mmoja, sentimita mbili hivi kutoka ukingoni. Inama, tazama usawa wa meza, utaona mara moja kilichokaa upande.

Glasi ya maji mbele ya ncha ya kisu, kuelekea katikati ya meza. Kisahani cha mkate vivyo hivyo, mbele ya uma. Napkini, juu ya sahani au kushoto, vyote sawa.

Ninachosisitiza sana ni usafi wa glasi. Iinue kwenye mwanga, ufute alama za vidole kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, na unapoiweka ishike chini, usiguse mdomo wake. Maua yawe mafupi, wageni waonane wakizungumza.