Usimsamehe Mtoto Hisabati kwa Sababu Haoni Ubao

Kwa miaka mingi nimefundisha hisabati na sayansi katika madarasa yenye wanafunzi wasioona na viziwi pamoja na wenzao, na hakuna neno linaloniuma kama "asamehewe". Mtoto haoni, basi asamehewe jometri. Hasikii, basi asamehewe fizikia. Anayemsamehe hudhani anamwonea huruma, kumbe anamfungia milango ya vyuo na kazi kabla hata hajajua anapenda nini.

Nicholas Saunderson alipofuka kwa ndui akiwa mtoto mchanga. Mwaka 1711 akawa profesa wa hisabati Cambridge, katika kiti alichowahi kukikalia Isaac Newton. Alipiga hesabu kwa ubao wenye matundu na pini, na maumbo ya jometri akayachora kwa kuzungusha uzi kwenye pini hizo. Ubao kama huo unaweza kuutengeneza leo: kipande cha boksi gumu, pini zenye vichwa, uzi mnene wa mihimili na uzi mwembamba wa mstari wa grafu. Usinakili grafu ya kitabuni jinsi ilivyo. Jicho huona mchoro mzima kwa mara moja, lakini kidole husoma mahali pamoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo vimistari vya miraba vikijaa humpoteza msomaji. Acha mihimili, nukta za vipimo na mstari wenyewe.

Kisha mwache mwanafunzi auchore yeye. Mpe y = 2x + 1 aifunge kwa uzi, halafu mwambie abadilishe 1 iwe 4. Atausikia mstari mikononi mwake ukipanda juu huku mteremko ukibaki uleule. Nimeona wanafunzi wanaoona vizuri kabisa wakigombania ubao huo, maana na wao mteremko ulikuwa haujawaingia.

Sasa sikiliza mdomo wako unapofundisha. "Hii ukiijumlisha na ile, ukaileta huku, unapata hii." Asiyeona ameambulia nini hapo? Taja kila kitu kwa jina lake. Hata hivyo, kutaja tu hakutoshi. Tamka "moja juu ya eksi jumlisha mbili", halafu waambie wanafunzi wawili watafute jibu eksi ikiwa 3. Mmoja atajumlisha 3 na 2 kwanza apate 1/5. Mwingine ataanza na 1/3, aongeze 2, apate 2 na 1/3. Wote wawili wamesikiliza vizuri. Kosa liko kwenye usomaji. Abraham Nemeth, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa haoni, aliweka kanuni za kusoma hesabu kwa sauti ili wanaomsomea wasimchanganye. Nami husema: "anza sehemu, kiasi moja, asili eksi jumlisha mbili, maliza sehemu". Mwanzoni darasa hucheka, baadaye huzoea.

Nemeth huyohuyo ndiye aliyebuni mfumo wa hisabati wa nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole) uliochapishwa mwaka 1952. Nakusihi, usikubali sauti ichukue nafasi ya nukta nundu. Mlinganyo mrefu unahitaji kurudiwa, kukaguliwa, kusahihishwa katikati, na sauti ikishapita imepita. Mtoto aanze alama za hisabati mapema, zikiwa pamoja na herufi.

Kwa kiziwi, adui ni mgongo wa mwalimu na haraka yake. Fikiria titresheni, jaribio la kemia la kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine kidogo kidogo: macho yake yanatakiwa kwenye chupa, rangi ibadilike asiikose, na papo hapo yanatakiwa kwa mkalimani kwa sababu mwalimu bado anaongea. Ana macho mawili tu. Eleza kwanza, nyamaza, fanya jaribio kimya, kisha eleza tena. Na istilahi zisiachwe kwa mkalimani azitunge peke yake siku ya somo. Chuo Kikuu cha Edinburgh, kupitia Scottish Sensory Centre, kimetengeneza msamiati wa sayansi na hisabati katika lugha ya alama ya Uingereza kwa kuwahusisha viziwi wenyewe waliobobea. Usiuchukue mzimamzima, kwani lugha za alama hutofautiana, lakini utaratibu huo uige: kaeni na viziwi, kubalianeni alama ya molekuli, irekodini kwa video, itumike na kila mwalimu.

Kuna la bure kabisa. Miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alikuta kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza. Anayesoma kwa vidole, anayepokea kupitia mkalimani, mwenye diskalkulia anayehangaika na tarakimu, wote wanaishi ndani ya sekunde hizo.

Ukituma kazi kwa kompyuta, usipige picha ya mlinganyo. Programu ya kusoma skrini haitambui hesabu iliyo ndani ya picha kama inavyoitambua ile iliyoandikwa kwa MathML, lugha ya kompyuta ya kuandikia hesabu.

Na maabara? Mara nyingi asiyeona hupewa kazi ya kukaa pembeni asimuliwe matokeo. Hiyo naipinga kwa nguvu zote. Kuna kihisi mwanga ambacho mlio wake hubadilika mwanga unapobadilika, na kwa mlio huo anaweza kufuatilia mabadiliko ya rangi mwenyewe. Usipokuwa nacho, mgawie vipimo vya kushika: bomba la sindano lililokatwa alama kwenye fimbo yake ili apime ujazo kwa ukucha, mizani yenye kutamka, saa yenye mlio. Mwenzake asome rangi, yeye aamue lini wasimamishe, na ripoti iandikwe na wote wawili.