Msimpe Kijana Jumamosi

Juzi nimemsikia mpangaji mpya wa shoo akimwambia kijana wa saksafoni, jasho la jemu, yaani kupiga pamoja jukwaani bila mpango, halijamkauka: "Jumamosi ijayo ni yako, seti mbili." Nikauma ulimi. Lakini nimeona wengi wenu, wapangaji wa klabu za jazi, mkifanya hivyohivyo, na ulimi nao una mwisho wake. Haya, kaeni.

1. Demo, ile rekodi ya kujitambulisha, sikilizeni dakika mbili tu, kisha mwiteni mhusika kwenye jemu. Solo ya kurekodi hukatwa na kuungwa. Ya jukwaani haina fundi.

2. Kwenye jemu, mtazameni zaidi akishamaliza solo. Anayekimbilia kaunta na simu yake wakati besi ndiyo kwanza inaanza kusema, mwacheni akomae. Anayebaki pembeni ya piano akifuatilia kodi za wimbo (chords) kwa midomo, mwandikeni jina. Na hakikisheni bendi ya nyumba, ile ya kudumu ya klabu, ni imara, la sivyo hamtajua mbovu ni kijana au mpiga ngoma. Watu wakitaja Minton's, klabu ya jazi ya Harlem, New York, hutaja waliopanda jukwaani. Mimi humkumbuka Teddy Hill, aliyeshika uendeshaji mwaka 1940 na kuweka Thelonious Monk kwenye piano na Kenny Clarke kwenye ngoma. Ukipanda mbele ya hao, ukweli wako unajulikana mapema.

3. Jumamosi. Hapa nina deni.

Alikuwa binti wa piano. Alipiga baladi moja kwenye jemu yetu, na pale ambapo wenzake wote wa umri ule wangemwaga nota, yeye akaacha nafasi. Mpiga besi wetu, mtu mchoyo wa sifa, akanitazama na kuinua nyusi. Ikanitosha. Nikampa Jumamosi, jina lake juu, na kwenye besi na ngoma nikamwekea wakubwa ambao hajawahi kupiga nao, nikidhani namheshimu. Sikumuuliza swali ninalomuuliza kila mtu sasa: una nyimbo ngapi unazoweza kuziongoza? Kuziongoza, si kuzipiga. Yaani kuhesabu mwendo, kumpa mtu ishara ya kuingia, kuzungumza na watu, kujua pa kushika mambo yakiteleza.

Seti ya kwanza ilipita. Ya pili alianza na wimbo wa mbio, akauhesabu kwa kasi ya woga, na mpiga ngoma, kwa kuwa ni mtaalamu, akampa kasi ileile aliyoiomba. Vidole vikakwama. Akamtupia mpiga besi solo, naye akazunguka na kuzunguka ili amsitiri, huku meza za nyuma zikianza mazungumzo yao. Halafu nyimbo zikaisha kabla ya muda. Akairudia ile baladi. Safari hii hakuacha nafasi hata moja.

Hayo yote yanasameheka. Mtaniambia habari za mpiga ngoma Jo Jones kumtupia simbali kijana wa saksafoni, Charlie Parker, miguuni ili ashuke jukwaani, na kijana akarudi akiwa moto. Wapangaji wanaipenda mno simulizi hii, inawapa ruhusa ya kuwa wakatili. Wanasahau kwamba Parker alipata kazi ya bendi majira ya kiangazi, huko milimani Ozark, akawa na mahali pa kujinoa. Binti wangu nilimpa nini? Sikwenda hata nyuma ya jukwaa. Nilijifungia ofisini kuhesabu pesa za mlangoni ambazo zilikwisha kuhesabiwa, na malipo yake nikamtuma mhudumu wa kaunta ayapeleke kwenye bahasha. Ukimya wangu akauelewa kama ambavyo wewe ungeuelewa. Hakurudi kwenye jemu. Nilipojikaza kumpigia simu, siku nyingi zimeshapita, alikuwa na adabu mno, na adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Sasa anapiga harusini, analipwa vizuri kuliko ambavyo ningemlipa, na jazi haigusi.

4. Mpeni Jumanne. Jumanne ileile kila wiki, miezi miwili mitatu, na wenzake walewale. Monk na mpiga saksafoni John Coltrane mwaka 1957 walikaa klabu ya Five Spot, New York, kwa miezi, usiku baada ya usiku. Bendi ya Thad Jones na Mel Lewis ilianza Jumatatu pale klabu ya Village Vanguard, New York, Februari 1966, na warithi wake wameendelea na Jumatatu hizo. Klabu ya Ronnie Scott's ya London ilipohamia Frith Street mwaka 1965, ilibakiwa na chumba chake cha zamani cha Gerrard Street, kikaja kuwa cha vijana hadi 1968. Kina John Surman na Mike Westbrook walipiga humo. Mwenye klabu yenu hatawapa jengo la pili, najua. Jumanne anayo. Msiniambie Jumanne haina watu, kwani sasa hivi inao?

5. Mtoto asiye na mashabiki msimlipe kwa mgao wa mlangoni, wa pesa za viingilio. Huko ni kumgeuza promota wenu wa bure.

6. Rekodini kila seti, hata kwa simu. Mpigaji mpeni rekodi kesho yake, si usiku uleule.

7. Shoo ikiisha, nendeni nyuma ya jukwaa kabla ya kugusa hesabu. Msiseme "ilikuwa nzuri", wao wanajua ilivyokuwa. Ulizeni wimbo mmoja, kwa nini waliumaliza vile, kisha tajeni tarehe inayofuata. Kama tarehe hakuna, semeni hakuna, na sababu yake.