Re: Viti vya Aalto havivunjiki kwa nini?

Umeuliza kwa nini viti vya Alvar Aalto, msanifu wa Ufini, visivyo na miguu ya nyuma havivunjiki, na kama mbao zake zilipindwa kwa mvuke. Mvuke, ndugu yangu, ni njia ya Michael Thonet, mtengenezaji samani wa karne ya 19. Aalto alishika njia nyingine. Yeye na Otto Korhonen, mtengenezaji samani wa Turku, Ufini, walichukua tabaka nyembamba za mti wa birchi, wakazipaka gundi na kuzibana kwenye kalibu mpaka zikauke. Nyuzi za mbao zinaufuata mpindo bila kukatwa, ndiyo maana fremu inanesa badala ya kukatika.

Kiti chake cha Paimio, cha 1932, kilikuwa cha wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Paimio, Ufini. Wabunifu wengi wa wakati ule walipenda mabomba ya chuma. Aalto aliona chuma ni baridi mno kwa mgonjwa. Tena akakilaza kiegemeo ili kifua kipate nafasi ya kupumua. Mimi nampendea hapo hasa: alianza na mgonjwa, umbo likafuata.

Kiti namba 400, cha 1936, ni kinene zaidi, na kampuni ya Artek, aliyoianzisha na mkewe Aino na wenzao wawili mwaka 1935, bado inakitengeneza. Hata kiti cha Poäng cha IKEA, kampuni ya samani, kazi ya Mjapani Noboru Nakamura, kina mneso wa ukoo huohuo. Ukikiona, tazama ubavu wa mkono wake: tabaka utazihesabu kwa macho.