Murabitun waliangushwa na tozo

Mhariri, mmetuuliza wiki hii: ni dola gani ya kale ya Afrika iliyoanguka ikiwa bado na nguvu, na iliangushwa na nini? Mimi nawataja Murabitun, Waberberi wa Sanhaja waliotawala kutoka Sahara hadi Hispania, kisha wakang'olewa Marrakesh mwaka 1147, hata miaka 100 haijatimia tangu wateke miji yao ya kwanza mikubwa.

Wengi watajibu kwa kumfuata mwanahistoria Ibn Khaldun: watu wa jangwani huja na ukali na mshikamano, wajukuu wao hulewa raha za mjini, dola ikawaponyoka. Kwa Murabitun sikubali. Ali bin Yusuf, mtawala wao ambaye mambo yalimharibikia mikononi, husifiwa kwa sala na saumu, si kwa anasa. Mimi naona kodi.

Tazameni walivyoanza. Yahya bin Ibrahim, mkuu wa Gudala, kabila mojawapo la Sanhaja, alipotoka hija alitafuta mwalimu wa kuwafundisha watu wake dini, akapewa Abdallah bin Yasin, mwanachuoni wa Kimaliki. Wagudala walimchoka kwa ukali wake, Walamtuna, kabila jingine la Sanhaja, wakampokea. Mwaka 1054 na 1055 wakateka Sijilmasa na Awdaghust, miji miwili ya njia ya dhahabu ya Ghana ya kale. Kule Sijilmasa Ibn Yasin alivunja ala za muziki na kufuta kila tozo isiyotambuliwa na sharia. Hilo la pili, nadhani, ndilo lililowapa jina jema kwa watu wa kawaida.

Hapa siwezi kumruka Zaynab. Abu Bakr bin Umar, mwanzilishi wa Marrakesh, aliporudi jangwani kusuluhisha ugomvi wa makabila alimwacha mkewe huyo kwa talaka na jeshi kwa binamu yake, Yusuf bin Tashfin, ambaye alimuoa Zaynab. Inasimuliwa kwamba Abu Bakr aliporejea, Zaynab alimshauri mumewe mpya ampokee kwa zawadi tele lakini asimwachie madaraka. Mzee akaelewa, akachukua zawadi, akarudi zake jangwani. Dola ngapi zimebadilisha mtawala bila damu namna hiyo?

Wafalme wadogo wa Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, walikuwa wakiwakamua raia ili wamlipe Alfonso wa Sita, mfalme Mkristo wa Castile. Toledo ilipoanguka mwaka 1085 wakamwita Yusuf, naye akamshinda Alfonso pale Zallaqa mwaka uliofuata. Mwaka 1090 alirudi, safari hii kuwang'oa wenyeji wake, na mafakihi walimpa fatwa. Miongoni mwa makosa yao: tozo zisizo halali. Mmoja wao, Al-Mutamid wa Seville, alifia Aghmat, karibu na Marrakesh, mfungwa.

Basi Ali, mwana wa Yusuf, akajikuta afanye yaleyale. Mji wa Zaragoza ulipotea mwaka 1118. Miaka michache baadaye Alfonso wa Aragon, mfalme mwingine Mkristo, alipita katikati ya Andalusia na jeshi lake, na miji ikahitaji kuta. Marrakesh nayo ikajengewa zake. Raia wakatozwa. Ali aliwatumia pia mamluki Wakristo, ambao mkuu wao mashuhuri alikuwa Reverter wa Catalonia, na kazi mojawapo ya mamluki hao ilikuwa kukusanya kodi. Watawala waliokuja kwa jina la sharia!

Ibn Tumart, mhubiri Mberberi wa Masmuda kutoka milima ya Atlas, hakuhitaji kubuni hoja. Alishuka Marrakesh akawakemea kwa itikadi yao, kwa nyuso wazi za wanawake wao na kwa tozo hizo. Washauri walitaka afungwe, Ali akamwachia. Akajitangaza Mahdi, akajichimbia Tinmel, huko milimani. Wafuasi wake walipigwa vibaya nje ya Marrakesh mwaka 1130, naye akafa mwaka huohuo, lakini mrithi wake, Abd al-Mumin, akaendeleza vita milimani, ambako wapanda farasi wa Murabitun hawakuweza kumfuata kwa urahisi. Tashfin bin Ali, mwana na mrithi wa Ali, alikufa Oran mwaka 1145, alipoporomoka gengeni na farasi wake usiku akikimbia. Miaka miwili baadaye mji mkuu ukaanguka.

Na Abd al-Mumin, akishaitwaa Maghreb yote, aliamuru ardhi ipimwe kuanzia Barqa, Libya ya leo, hadi Sus, kusini mwa Moroko, ili makabila yatozwe kharaji, kodi ya ardhi.